Karibu, mapokezi, ukarimu au bashasha: neno lipi kwa mgeni gani?

Mchora mabango hana kosa. Ukimpelekea karatasi iliyoandikwa "Ukarimu kwa wageni wote" atakuchorea hivyo hivyo, kwa rangi uliyolipia, na bango litakaa ukutani likisema jambo ambalo hukukusudia. Kazi ya kuchagua neno ni ya mwenye gesti, katibu wa kamati ya harusi, mwalimu aliyepewa ratiba ya mahafali, au kijana aliyeambiwa aandike barua ya shukrani kwa sababu "wewe ndiye uliyesoma". Kwa Kigoma kazi hiyo haiishi. Huku ndiko mwisho wa Reli ya Kati, na boti za ziwani hutia nanga Kibirizi. Wageni hawakatiki.

Maneno yanayogombaniwa ni manne: karibu, mapokezi, ukarimu na bashasha. La tano, kulaki, linasikika zaidi kanisani na kwenye taarifa za habari. Nalo tutalipitia, ila kwa ufupi.

Vya kupimia

Kigezo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho watu wasichokiuliza: neno hili linatoka kinywani mwa nani? Lipo la mwenyeji, lipo la mgeni, na lipo la mtu wa pembeni anayesimulia yaliyotokea. Ukilitia neno la mgeni kinywani mwa mwenyeji, inageuka kujisifu.

Cha pili ni hatua. Mtazame mgeni anayeshuka treni hapa Kigoma. Kuna aliyetoka nyumbani kuja stesheni kumngojea: huyo amekuja kumlaki. Akamchukulia begi, "leta nikupokee, dada": amempokea. Wakafika Gungu, mama mwenye nyumba akasema pita ndani, keti: amemkaribisha. Jioni ukaletwa ugali wa muhogo na migebuka: amemkirimu. Na muda wote huo nyuso zilikuwa zimekunjuka, hakuna aliyeangalia saa: hiyo ndiyo bashasha. Mgeni ni yuleyule, ila mambo aliyotendewa ni matano.

Cha tatu ni sarufi, maana bango lenye upatanisho uliovunjika huchekwa hata na watoto wa shule. Cha nne ni pale neno linapoharibikia.

Karibu

Maana. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni "si mbali". Kiswahili kimeibakiza maana hiyo (nyumba iko karibu na soko), kikaongeza ya "takriban" (karibu watu wote), kisha kikalifanya neno la kumfungulia mgeni mlango: sogea, usisimame mbali. La kuchekesha ni kwamba Waarabu wenyewe humkaribisha mgeni kwa kusema marhaba. Waswahili wakalichukua hilo nalo, wakalifanya jibu la shikamoo. Ndiyo maana mtu aliyekaa Uarabuni akirudi na kuandika "Marahaba" juu ya mlango wa duka, wapita njia hujiuliza nani amemwamkia.

Kinywa. Ni la mwenyeji, moja kwa moja. Ukilisema unatenda, husimulii. Ndilo jibu la hodi. Ndilo jibu la asante. Na mgeni anapoaga huambiwa "karibu tena". Hakuna neno jingine kati ya haya linaloweza kumwita mgeni likiwa peke yake ukutani, bila kuegemezwa.

Sarufi. Mmoja ni karibu, wengi ni karibuni. "Karibu mteja wetu" na "Karibuni wateja wetu" yote ni sawa. "Karibuni mteja wetu" ni mchanganyiko. Ila kwa mdomo, mikoa ya magharibi, utasikia mzee mmoja akiambiwa "karibuni, mzee". Huo ni wingi wa heshima, na kwa anayeujua si kosa. Ila usiuandike kwenye bango, maana msomaji wa mbali ataona kosa pasipo na kosa.

Jina la mahali hufuata bila kiungo: Karibu Kigoma, Karibu Ujiji. "Karibu katika Kigoma" ni Kiswahili kilichotafsiriwa. Kwa nomino za kawaida tumia -ni: karibu shuleni, karibu dukani. "Kwa" iachie watu: karibu kwa Mama Zawadi. Na ukiweka "na", umemfukuza mgeni mlangoni: "Karibu na hoteli yetu" maana yake ni kwamba yuko jirani na hoteli, basi.

Linapoharibika. Karibuni ni neno la wakati pia. "Karibuni tutafungua duka" inaahidi siku za usoni. "Karibuni, tutafungua duka" inaita watu. Mkato mmoja umebeba maana yote, na mkato ndicho kitu cha kwanza kusahaulika kwenye bango. Ukitaka wakati, andika "hivi karibuni", umalize ubishi.

Kosa jingine ni la r na l. Huku kwetu na upande wa Tabora watu wengi wamekulia lugha zisizozitenganisha kama Kiswahili kinavyozitenganisha, na vibao vya "Kalibuni wote" vipo. Kalibu ni neno halali kabisa la Kiswahili, ila ni la wahunzi: chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Baya zaidi ni kadi ya harusi inayowaita watu kwenye "kalamu" ya jioni. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula. Kabla kadi hazijachapishwa, mpe mtu mmoja asiye wa kamati azisome kwa sauti.

Kuna pia karibu ya adabu na karibu ya kweli. Ukipita watu wanakula, watakuambia "karibu chakula", nawe utajibu "asante, endeleeni" na kuendelea na safari. Hakuna aliyedanganya wala aliyekataliwa. Karibu ya kweli ina kitu mkononi: "karibu, nawa", na jagi la maji limeshainuliwa, au "karibu kiti", na kiti kimeshasogezwa. Mwenye biashara akumbuke hilo. "Karibu" ukutani bila mtu wa kuinua kichwa ni karibu ya wapita njia.

Neno jirani ni kualika. Kwenye kadi, "unaalikwa" linamfunga mwenyeji: amekuhesabu, sahani yako ipo. "Wote mnakaribishwa" linaacha mlango wazi, yeyote aje. Kamati iliyopika kwa watu 150 isiandike la pili.

Linamfaa: mwenye duka, gesti, shule, ofisi, mshereheshaji, yeyote anayesema na mgeni ana kwa ana au kwa kibao.

Mapokezi

Maana. Linatoka kwenye pokea, na pokea ya Kiswahili huanzia mikononi: kumpokea mgeni kwanza ni kumtua mzigo. Mtoto anayeambiwa "mpokee bibi" hatumwi kusalimia, anatumwa kuchukua kikapu. Kutokana na hapo neno likapanuka, likawa tukio zima la kumpokea mtu, kisha likawa mahali: dirisha au meza ya mapokezi hospitalini, ofisini na hotelini.

Kinywa. Ni neno la msimulizi na la mgeni anayeshukuru. Mwandishi wa habari atasema waziri alipata mapokezi makubwa uwanja wa ndege. Mgeni ataandika "tunashukuru kwa mapokezi mliyotupa". Mwenyeji hulitumia anapopanga kazi tu: kamati ya mapokezi, ratiba ya mapokezi.

Sarufi. Ngeli ni ya li-/ya-, kwa wingi: mapokezi mazuri, mapokezi haya, mapokezi yalikuwa mazuri. "Mapokezi nzuri" limezagaa, hata kwenye barua zenye mhuri. Usilichanganye na mapokeo, ambayo ni mila na desturi zilizorithiwa. "Tunashukuru kwa mapokeo yenu" ni kumshukuru mtu kwa mila zake.

Linapoharibika. Mapokezi hayana joto wala baridi ndani yake, ni chombo kitupu. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996; kwenye kazi hiyo "kituo cha mapokezi" ni mahali pa kuandikishwa na kupangiwa, na neno halidai kwamba kuna aliyetabasamu. Kwa hiyo mapokezi lazima yapewe sifa: mazuri, makubwa, ya heshima, duni. Ukiandika "tunashukuru kwa mapokezi" ukaishia hapo, mwenyeji makini atajiuliza umeficha nini.

Na sifa ya kuepuka ni "mapokezi ya joto". Imeingia kupitia tafsiri, na magazetini unaikuta, lakini Kiswahili hakipimi upendo kwa joto. Kwa msomaji wa Ujiji mwezi wa Septemba, mvua haijaanza na bati linawaka, joto si jambo la kumtakia mgeni. Kiswahili kina chake: kwa moyo mkunjufu, kwa mikono miwili.

Linamfaa: mwandishi wa taarifa, katibu wa kamati, mwandika barua ya shukrani, na kibao cha meza ya kuandikishia.

Ukarimu

Maana. Utoaji. Mkarimu ni mtu anayetoa alichonacho bila kuhesabu, awe na wageni au asiwe nao. Kwa mgeni, ukarimu ni chakula, maji ya kuoga, mahali pa kulala, na nauli ya bodaboda ikibidi. Kitenzi ni kirimu, na karamu ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Ndiyo maana mtu mwenye uso mzuri asiyetoa hata maji ya kunywa haitwi mkarimu. Mwite mchangamfu, itoshe.

Kinywa. Ni la mgeni, au la watu wengine wanaokusifu ukiwa haupo. Hapa ndipo wenye hoteli hukosea sana. "Sisi ni wakarimu" ukutani ni sawa na mtu kujiita mpole. Kama lazima liwepo, ligeuze liwe tendo lenye kipimo: "Chai ya asubuhi haina malipo". Msomaji ataliweka neno mwenyewe. Wanaofundisha kazi za hoteli wana "huduma za ukarimu" kama jina la fani, na hapo ni sawa, maana ni jina la somo.

Sarufi. Ukarimu wenu, ukarimu mkubwa, ukarimu uliotuonyesha. Mtu ni mkarimu, watu ni wakarimu. "Ukalimu" ni ugonjwa uleule wa kalibu.

Linapoharibika. Jihadhari na ndugu yake, takrima. Zamani lilikuwa neno safi la kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo kuwa vinapingana na Katiba. Tangu hapo, kwa masikio ya Watanzania wengi, takrima ni rushwa iliyovaa kanzu. Kwenye bajeti ya kamati andika "chakula na vinywaji vya wageni". Mkaguzi hatauliza swali la pili.

Linamfaa: mgeni anayeshukuru baada ya kulala na kula, msemaji anayemsifu mwenyeji mbele ya watu. Halimfai mgeni aliyekaa nusu saa akapewa kiti tu.

Bashasha

Maana. Furaha ya kumwona mtu, inayoonekana usoni. Haihitaji mali. Watu wa nyumba isiyo na sukari wanaweza kuwa na bashasha, na wa nyumba yenye majokofu mawili wakaikosa. Mwenzake wa karibu ni ukunjufu, na picha yake ni nzuri kuliko zote: mtu hukunja uso akichukia, hukunjua akifurahi, kama unavyokunjua mkeka kwa ajili ya mgeni. Uchangamfu nao ni jirani, ila mchangamfu ni mchangamfu kwa kila mtu. Bashasha inakulenga wewe uliyefika.

Kinywa. La msimulizi na la mgeni. "Walitupokea kwa bashasha." Mwenyeji akitaka kusema yake mwenyewe, atumie "kwa moyo mkunjufu": tunawakaribisha kwa moyo mkunjufu. Hilo halisikiki kama majivuno, labda kwa sababu moyo ni wa ndani na mwenyewe ana haki ya kuusemea. Uso wako wanauona wengine.

Sarufi. Ni nomino isiyo na kitenzi chake kinachotumika, hivyo huegemea: kwa bashasha, uso wa bashasha, wenye bashasha. Bashasha kubwa, bashasha yao.

Linapoharibika. Peke yake ukutani halisemi kitu. "Bashasha Kigoma" litafikiriwa ni jina la bendi. Pia ni neno lenye harufu ya ushairi. Kwenye barua ya ofisi moja linatosha, mawili yanaanza kuimba. Na usilipe jengo: ukumbi hauna bashasha, wenye nayo ni wahudumu.

Linamfaa: barua ya shukrani, hotuba ya kuaga, habari yenye kumwonyesha msomaji nyuso za watu.

Kulaki, kwa kifupi

Kulaki ni kutoka na kwenda kukutana na anayekuja, kabla hajafika. Kiini chake ni mwendo. Hakuna kumlaki mtu ukiwa umekaa kwenye kochi. Ujiji inatoa mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliingia mjini bunduki zikilia na bendera ikitangulia, na miongoni mwa waliotoka kumkuta alikuwamo Susi, mtumishi wa David Livingstone, mmisionari ambaye Stanley alikuwa akimtafuta. Susi alimlaki. Livingstone, aliyemngoja mbele ya nyumba yake kisha akamketisha barazani, alimkaribisha. Waarabu wa Ujiji walioleta sahani za chakula walimkirimu. Mwalimu wa historia akiandika ubaoni "Livingstone alimlaki Stanley" amempa mzee aliyekuwa dhaifu matembezi ambayo hakuyafanya.

Ni neno zito kidogo. Linafaa kwa askofu, rais, maharusi au timu iliyorudi na kombe. Kwa shangazi anayetoka Urambo na gunia la mahindi, "kumpokea" linatosha, tena ndilo atakalolipenda, kwa sababu mzigo upo.

Uchague nini, kwa hali yako

Kibao cha mlangoni au langoni: "Karibu" na jina la mahali, bila kiungo. Upande wa ndani, macho ya anayetoka yanapoangukia, "Karibu tena". Meza ya kuandikishia iandikwe "Mapokezi". Hayo matatu yanatosha gesti nzima. Mengine yote yafanywe na wahudumu.

Ratiba ya shughuli: "Mapokezi ya wageni" kwa ule muda wa kufika na kuketi, kisha "Neno la ukaribisho" kwa atakayesimama kusema. Risala ni kitu kingine, husomwa kwa mgeni rasmi na huwa na maombi ndani yake. Visipewe mstari mmoja. Ukipenda "makaribisho" badala ya "ukaribisho", sawa, mradi usiandike "ukaribu", ambao ni ujirani.

Mshereheshaji akimwita mgeni rasmi: "Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu" lina uzito wake na halijichoshi. "Jisikie nyumbani" liache, lina lafudhi ya kigeni. Mwenyeji wa Kiswahili husema "hapa ni kwenu", na mgeni anaelewa mpaka jikoni.

Barua ya shukrani inategemea ulichopewa. Kama mlipokewa vizuri mkakaa kikao mkaondoka: "Tunashukuru kwa mapokezi mazuri." Kama mlilala na kula: ongeza "na kwa ukarimu wenu", na ukitaje chakula kwa jina, dagaa wale na mawese yale, kwa sababu hapo ndipo mpishi atajua kwamba anasemwa yeye. Bashasha iweke kwa watu mahususi: vijana waliowapokea Kibirizi, akina mama wa jikoni.

Habari ya gazeti au ya redio: anza na tendo lililotokea kweli. Walitoka kwenda njiani? Walimlaki. Walikuwa ukumbini? Walimpokea. Sifa ya mapokezi ije baadaye, na iwe moja.

Na kama ni ujumbe wa simu kwa mgeni ambaye bado yuko ndani ya treni, haya yote hayana kazi. Mwandikie: "Nitakuja kukupokea stesheni. Ukipita Uvinza nishtue."